Mota ya gari langu la rimoti inachemka. Nimeuziwa feki?

"Shikamoo mtaalamu. Nina gari la rimoti la Tamiya, TT-02, ukubwa wa 1:10, nimelijenga mwenyewe kutoka kwenye boksi. Lilipokuwa na mota yake ya awali na betri ya nikeli ya mAh 3000 lilienda kama dakika 20 bila tatizo. Nikachoka na mwendo wa pole, nikafunga mota isiyo na brashi ya KV 3900, ESC yake (kile kidhibiti cha umeme unaokwenda kwenye mota) ya ampea 60, betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli mbili ya mAh 5000, na pinioni, ile gia ndogo ya mota, ya meno 25 badala ya 22. Tunalikimbiza jioni na mdogo wangu kwenye uwanja wa basketi wa shule hapa Tanga. Sasa baada ya dakika 5 au 6 gari linazima lenyewe, na mota haishikiki. Tukisubiri linawaka tena. Ukijumlisha muda wote wa kukimbia, betri inaisha kwa dakika 12. Likiondoka kutoka kusimama linakwamakwama kabla ya kuchomoka. Rafiki mmoja anasema mota ni feki, mwingine anasema nifunge feni mbili, mwingine anasema niweke pinioni kubwa zaidi ili mota izunguke polepole ipoe. Na betri naona imevimba kidogo, inaingia kwa shida kwenye nafasi yake, ila bado inafanya kazi. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza habari ya mota, lakini nitaanza na ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo, kwa sababu ndilo lililonishtua. Betri iliyovimba usiichaji tena, hata mara moja ya mwisho. Lipo ikivimba maana yake kemikali ya ndani imeanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hiyo imenaswa ndani ya mfuko wa seli. Haitanywea ikarudi kama zamani. Kufanya kazi kwake kusikudanganye: hata inayokaribia kushika moto huwa inafanya kazi mpaka dakika ile.

Leo hii itoe garini bila kuilazimisha kwa bisibisi. Iweke ndani ya chungu au kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na majani, mafuta na nguo. Usiitoboe ili kuitoa upepo. Nimeona vijana wakifanya hivyo kwa betri za simu, na huko ni kujiwashia moto mkononi. Usiitupe jalalani pia, maana taka zetu nyingi huchomwa, na anayechoma hajui kilichomo. Tafuta fundi wa elektroniki anayekusanya betri chakavu, au wanaonunua taka za elektroniki, na umweleze wazi kwamba imevimba. Ikianza kutoa sauti ya mvuke, au ukisikia harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, sogea mbali na umwondoe mdogo wako. Moshi wa lipo ni sumu.

Sasa tuje kwenye mota. Siwezi kuiona nikiwa huku, lakini namba ulizoniandikia zinatosha kuniambia kwamba si lazima iwe feki. Hebu tuzisome pamoja.

Zamani ulikuwa na mAh 3000, yaani ampea 3 kwa saa nzima, na ulizimaliza kwa dakika 20. Hiyo ni wastani wa ampea 9. Ukizizidisha kwa volti 7.2 unapata wati 65 hivi. Sasa una ampea 5 kwa saa nzima na unazimaliza kwa dakika 12, yaani wastani wa ampea 25. Kwa volti 7.4 hizo ni wati 185. Gari ni lilelile, uwanja ni uleule, lakini umeme unaopita ni karibu mara tatu. Hata tukisema mota yako ni nzuri na inageuza robo tatu hadi asilimia 80 ya umeme huo kuwa mwendo, bado wati 40 hivi zinabaki kuwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo inabaki kwenye mota yenyewe. Pasi ya kulehemu anayoitumia fundi redio huwa na wati 40. Fikiria umeichomeka tumboni mwa mota yenye ukubwa wa yai kubwa la kuku, kisha ukaifunika kwa bodi ya plastiki isiyo na tundu. Dakika 5 ni nyingi.

Swali basi si ubora wa mota. Swali ni kwa nini inadai umeme mwingi kiasi hicho, na hapa ndipo rafiki yako wa tatu amekupoteza, ingawa wazo lake linavutia ukilisikia mara ya kwanza.

Mota inayozunguka ni dainamo pia. Unaikumbuka dainamo ya baiskeli, ile inayogusa tairi ikawasha taa? Kila mota ya umeme, ikizunguka, inazalisha volti yake inayosukumana na volti ya betri. Ikizunguka kwa kasi, volti hiyo ya ndani ni kubwa, kwa hiyo betri inabakiwa na nafasi ndogo ya kusukuma umeme. Ikizunguka polepole kwa sababu imebebeshwa mzigo, volti ya ndani ni ndogo na umeme unaingia kwa wingi. Ikizuiwa kabisa isizunguke, hakuna cha kuupinga isipokuwa waya wenyewe, na waya huo una ukinzani mdogo sana. Ndiyo maana mota iliyokwama inaungua upesi kuliko inayokimbia. Polepole ya kulemewa haipozi mota, inaichemsha.

Joto la waya nalo haliendi sambamba na umeme. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Hapo ndipo pinioni inapoingia. Pinioni ni ile gia ndogo iliyofungwa kwenye shafti ya mota. Ikiwa kubwa, gari linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa mota, lakini mota inalisukuma kwa shida zaidi. Mwulize dereva yeyote wa bodaboda kinachotokea ukipandisha mlima na abiria wawili ukiwa gia namba nne. Injini inazunguka polepole kweli, na inakaribia kufa. Pinioni ya meno 25 ni gia yako namba nne.

Kwenye TT-02 gia kubwa inayokutana na pinioni ina meno 70, na ndani ya chasisi kuna upunguzaji mwingine wa 2.6. Gawanya 70 kwa meno ya pinioni, zidisha kwa 2.6, unapata uwiano wote. Pinioni ya 22 iliyokuja kwenye boksi inakupa 8.27. Ya 25 uliyoweka inakupa 7.28. Ukishuka hadi 19 unapata 9.58. Namba ikiwa kubwa, mota inapata nafuu na kasi ya mwisho inapungua.

Kabla sijaenda mbali, neno moja kuhusu KV, kwa sababu watu wengi wanaonunua mota hizi huisoma kama kilovolti, au kama kipimo cha nguvu. Si hivyo. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota yako ya 3900 kwenye volti 7.4 inataka kuzunguka mara 28,860 kwa dakika. KV kubwa si mota yenye nguvu zaidi. Ni mota yenye haraka zaidi, na kwa mota mbili za umbo moja, ile yenye haraka inahitaji ampea nyingi zaidi kutoa msukumo uleule. Kwa hiyo umefanya mambo mawili kwa pamoja yanayoelekea upande mmoja: umechukua mota yenye haraka, halafu ukaipa gia ndefu, yaani pinioni kubwa, kuliko hata ile ambayo kiwanda kiliiwekea mota ya pole.

Tuone umepata nini. Tairi la gari lako lina kipenyo cha milimita 64 hivi, kwa hiyo mzunguko mmoja wa tairi ni sentimita 20. Kwa pinioni ya 25, karatasini gari linafika kilomita 48 kwa saa. Kwa pinioni ya 22 ni 42, na kwa 19 ni 36. Uwanjani toa kidogo kwa ajili ya mzigo na upepo. Sasa uwanja wa basketi una urefu wa mita 28. Gari la kilomita 48 kwa saa linazimaliza mita hizo kwa sekunde 2, na hapo sijahesabu muda wa kuongeza mwendo wala wa kufunga breki kabla ya kona. Yaani kasi uliyoigharamia kwa joto lote hilo, kwenye uwanja wako huifikii kamwe. Unachokifanya hapo kila baada ya sekunde chache ni kuondoka, kufunga breki na kuondoka tena, na kuondoka ndiko kunakokula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote.

Hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu ndilo lililonibadilisha mimi mwenyewe: gia huchaguliwa kwa kuutazama uwanja, si kwa kulitazama tangazo la mota. Kwenye mashindano makubwa ya magari haya kuna daraja zima la mota za waya wa mizunguko 17.5, mota za pole kwa makusudi, na watu wanaolikimbiza daraja hilo hutumia usiku wao kubishania jino moja la pinioni. Anayeshinda ni yule anayetoka kwenye kona akiwa bado ana mwendo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kununua pinioni ya meno 19. Kwa msukumo uleule kwenye tairi, mota itahitaji umeme pungufu kwa karibu robo, na joto la waya litashuka kwa asilimia 40 hivi. Hakuna feni ya bei ya pinioni itakayokufanyia kazi hiyo. Lakini sikiliza vizuri unapoagiza: gia za TT-02 ni za moduli 0.6 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), na mtandaoni pinioni zinazouzwa kwa wingi ni za kipimo kingine kinachoitwa 48, ambacho kwa macho hutofautishi. Zinaonekana kuingiliana, zinazunguka, halafu baada ya siku mbili gia yako kubwa ya plastiki imeliwa meno yote. Andika "moduli 0.6, tundu la milimita 3.17" na usikubali mbadala. Ukiifunga, skrubu yake ndogo ikae juu ya ule upande bapa wa shafti, na uitie tone la gundi ya skrubu. Ukibadilisha pinioni ni lazima usogeze mota pia, ukifuata kitabu cha gari. Gia zikibanana sana mota inachemka hata bila mzigo. Zikiachana sana zinalana meno. Pitisha kipande chembamba cha karatasi kati yake: kitoke kimekunjwa mistarimistari bila kuchanika.

Jambo la pili watu hulipuuza, nami naliona lina uzito sawa na la kwanza. Boksi la TT-02 la kawaida huja na bushi za plastiki mahali ambapo panapaswa kukaa beringi. Kwa mota ya awali zinavumilika. Kwa mota yako, na kwa vumbi la uwanja wa shule, zinageuka kuwa breki. Jaribu hivi: toa pinioni ili mota isiguse kitu, weka gari juu ya kopo, kisha zungusha tairi moja kwa kidole. Likisimama papo hapo, mota yako imekuwa ikisukuma gari na breki zake kwa pamoja. Nunua seti ya beringi za milimita 5 kwa 11. Na kwa kuwa uko Tanga, karibu na chumvi ya bahari, zipanguse na uzitie tone la mafuta mepesi kila baada ya wiki chache, la sivyo zitashika kutu. Ukiwa umefungua, futa grisi iliyozidi iliyochanganyika na mchanga. Mchanganyiko huo ni msasa.

Feni sasa. Siikatai, lakini haipaswi kutangulia. Feni inaondoa joto lililokwisha kuzaliwa. Haigusi sababu, na umeme uliopotea umepotea kwenye betri yako. Tena inaweza kukuficha dalili: nje ya mota pamepoa, huku sumaku ya katikati inayozunguka, ambayo upepo wa feni hauifikii vizuri, ikizidi kupata moto. Sumaku hizo zikipita kiwango chake cha joto hupoteza nguvu, na hata zikipoa hazirudishi yote. Mota ya namna hiyo inazunguka haraka zaidi mkononi lakini haina msukumo, inadai umeme zaidi, na inachemka zaidi kuliko jana yake. Niliwahi kuua mota yangu ya kwanza hivyo, nikidhani imeanza kuwa na kasi. Kama baada ya pinioni na beringi bado ina joto la kukaribia nyuzi 75, ambao ndio mpaka wangu, hapo funga feni moja juu ya bati la kupozea, na ukate tundu nyuma ya bodi ili hewa ya moto ipate pa kutokea.

Kuna njia ya tatu ambayo huenda hutaki kuisikia: mota ya KV 3000 hivi badala ya 3900. Kwa gia ya 8.27 uliyopewa na kiwanda itakupa kilomita 32 kwa saa karatasini, ambazo bado ni nyingi kwa mita 28, na itakaa poa tangu mwanzo. Kama una fedha za kitu kimoja tu mwezi huu na uwanja wenu utabaki uleule, usinunue mota hiyo. Nunua pinioni na beringi. Lakini kama mota ya sasa imeshapata moto mara nyingi na imepoteza msukumo, usirudie 3900.

Kukwamakwama wakati wa kuondoka kunaeleweka pia. Mota za bei nafuu mara nyingi hazina kihisi cha kuiambia ESC sumaku imeelekea wapi. ESC inajua kwa kusoma ile volti ya dainamo niliyokueleza, na gari likiwa limesimama volti hiyo haipo, kwa hiyo inabahatisha mpaka tairi lianze kuzunguka. Gia ndefu inarefusha muda wa kubahatisha. Kwa pinioni ya 19 kutapungua sana, ingawa huenda kusiishe kabisa. Kukiendelea vilevile, kagua nyaya tatu za mota: kiungo kimoja kilicholegea kinatoa dalili hiyohiyo, na hicho kinaweza kuiua ESC.

Nirudi kwenye betri, maana ukinunua nyingine bila kurekebisha kilichoiua ya kwanza utaniandikia tena mwezi ujao. Ulipotoka kwenye nikeli, je, uliibadilisha ESC kwenda mpangilio wa lipo? Seli ya lipo ikijaa ina volti 4.2, na haipaswi kushuka chini ya 3.0. Ikiwa kwenye mpangilio wa lipo, ESC hukata mota kabla ya kufika huko; weka ikatie kwenye 3.2 hadi 3.4 kwa seli. Ikiwa kwenye mpangilio wa nikeli, mara nyingi inaendelea kukamua hadi betri inakufa, na kukamuliwa namna hiyo ndicho chanzo kimoja kikubwa cha kuvimba. Kingine ni joto la ampea nyingi.

Na hujaniambia unachajia nini. Chaja ya nikeli hujua betri imejaa kwa kungoja volti ishuke kidogo, jambo ambalo betri ya nikeli hulifanya ikijaa. Lipo hailifanyi kamwe. Chaja hiyo itangoja na kuendelea kusukuma umeme, na hivyo ndivyo nyumba zinavyoungua. Kama hiyo ndiyo uliyoitumia, iache kabisa. Tumia chaja ya lipo yenye waya mdogo wa kusawazisha seli, betri ya mAh 5000 uichaji kwa ampea 5 au chini ya hapo, juu ya sakafu ya saruji, ukiwepo. Usiichaji ikiwa bado ina joto la uwanjani. Ukijua hutacheza kwa siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, si ikiwa imejaa wala ikiwa tupu.

Kuna kazi ambazo nisingependa uzifanye kwa kusoma maandishi yangu tu. Kulehemu plagi mpya kwenye betri ya lipo ni mojawapo: nyaya zake mbili zikigusana sekunde moja utaona cheche za kuyeyusha ncha ya pasi. Mpelekee fundi wa elektroniki unayemwamini, na umwombe akupimie kila seli kwa mita yake. Seli mbili za betri moja zikipishana kwa zaidi ya volti 0.1, betri hiyo ina mgonjwa ndani. Mpelekee pia ESC kama imewahi kutoa harufu ya kuungua, hata kama bado inawaka.

Kilichobaki ni kupima. Zile bunduki za kupimia joto tulizoelekezewa usoni wakati wa korona hazikufai, maana zinaishia nyuzi 42 hivi. Tafuta ile ya mafundi friji. Pima mota kwenye kifuniko chake baada ya dakika 3, kisha 6, kisha 9. Ninaposimamishia mimi ni nyuzi 75. Ukisoma ushauri wa watu wa Ulaya kuhusu gia, kumbuka hali ya hewa: mota inayopanda nyuzi 50 juu ya hewa ya nyuzi 20 inaishia 70, na mota hiyohiyo Tanga mwezi wa Februari, hewa ikiwa 33, inaishia 83. Kwa hiyo meno wanayoyapendekeza wao, wewe punguza mawili.

Dakika ya 9 ikikupa chini ya 65, ongeza jino moja, uende 20, upime upya. Mpe mdogo wako daftari aandike: tarehe, pinioni, joto la hewa, joto la mota, na dakika betri ilizodumu. Nitumie kurasa hizo baada ya wiki tatu, tutazame pamoja kama hiyo mota bado ina sumaku zake.